Mfalme wa Tatu wa Nchi ya Mawe

Mara ya kwanza nilipoitafuta Goma ndani ya ule mchezo, niliikuta haina rangi. Ureno ilikuwa na rangi yake, Uturuki yake, Uhabeshi yake, na hata visiwa vya mbali ambavyo sikuwahi kuvisikia vilipakwa kila kimoja rangi yake. Sisi tulikuwa kijivu. Nikasogeza kishale hadi kaskazini mwa ziwa, nikabofya, na kidirisha kikafunguka kunieleza kwamba pale hapana nchi. Kuna wenyeji tu, elfu kadhaa, na chini ya idadi yao kuna alama mbili: moja ya ukali wao, nyingine ya uadui wao. Mazao ya mahali hapo: hayajulikani. Nilijisikia kama mtu aliyekuta unywele kwenye mboga ya sombe akiwa ameshamaliza nusu ya sahani.

Aliyenionyesha mchezo huo ni rafiki yangu wa masomo. Tulisoma informatiki, elimu ya kompyuta, pamoja kwenye chuo kimoja hapa mjini. Yeye alitoka Butembo, kwenye familia ya Wakatoliki wafanyabiashara, na aliishi Goma kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa na sekretariati huko Birere, yaani kile chumba kidogo cha kuchapisha barua, kutoa fotokopi na kufunika vitambulisho kwa plastiki. Mimi ni binti wa Rutshuru, na nyumbani tulisema Kinyarwanda. Yeye na dada yake walisema Kinande. Tulikutana kwenye Kiswahili, kama kila mtu Goma, na hatukuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka mchezo ulipotulazimisha.

Ni mchezo wa historia. Unachagua nchi moja ya zamani, unaishika tangu nyakati za wafalme wa mikuki hadi nyakati za mizinga, unakusanya kodi, unaozesha watoto wa mfalme, unatuma majeshi na merikebu. Rafiki yangu alipenda kuishika Ureno. Ili kuipata ile ardhi ya kijivu unatuma walowezi, halafu mchezo unakuuliza utawafanyaje wenyeji: ufanye nao biashara, uishi nao, au uwaponde. Yeye alichagua kuwaponda. Aliniambia bila roho mbaya yoyote, kama mtu anayekuelekeza njia ya mkato, kwamba hiyo ndiyo inayokwenda haraka. Nilitazama idadi ya watu wetu ikishuka, ikishuka, hadi ikafika sifuri, na hapo ardhi ikapata rangi. Wanafunzi wenzetu waliosimama nyuma yake walipiga makofi. Nilisukuma chai yangu pembeni. Ilikuwa bado ya moto.

Wazo la kuongeza nchi lilikuwa langu. Rafiki yangu alisema inawezekana, watu wa nje hufanya hivyo kila siku, kwa sababu mchezo wenyewe umeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua. Unaipa nchi yako herufi tatu za kuitambulisha. Unaipa rangi kwa tarakimu. Unaichorea bendera ndogo. Unaandika mji mkuu wake ni upi, dini yake ni ipi, wafalme wake wanaitwa nani, na majirani zake wanamwogopa nani. Ukisahau bano moja tu, mchezo mzima unazimika na haukuambii kosa liko wapi. Kompyuta ilikuwa yangu, ya mkono wa pili; kaka yangu alinitumia kutoka Kampala. Tulikaa nayo nyuma ya mashine ya fotokopi, mchana umeme ukiwepo, tukifanya kazi ambayo hakuna mwalimu aliyetuagiza. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile, kabla wala baada.

Tulikuwa katikati yake mlima wa moto ulio juu ya mji ulipopasuka. Jioni ile anga ya kaskazini iligeuka nyekundu, na kufikia asubuhi moto ulikuwa umesimama pembezoni mwa mji, nyumba za watu zikiwa chini yake. Tulidhani yamekwisha. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka, barabara zikapasuka, na serikali ikatutaka tuhame. Mama alibeba sufuria na maharage. Mimi nilibeba kompyuta mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto, na tukatembea hadi Sake pamoja na nusu ya mji.

Huko tulilala kwenye darasa la shule, na rafiki yangu na dada yake walikuwa kwenye darasa la jirani. Sitaki kuipamba Sake ile. Vyoo vilijaa siku ya kwanza, na baada ya hapo watu walijisaidia penye nafasi. Nzi wa kijani walitoka kwenye mavi ya watoto wakaja kwenye uji. Mama mmoja alifulia vitambaa vya mtoto mwenye kuhara juu kidogo ya mahali wengine walipochota maji, na alipoambiwa aondoke aliuliza aende wapi. Hewa yenyewe ilinata mdomoni.

Pale ndipo tulipoandika tukio la mlima. Rafiki yangu alisema nchi yetu lazima iwe na mlipuko, kwa sababu itawavutia wachezaji. Tulichaji kompyuta kwenye jenereta ya mtu aliyechaji simu, tukaketi barazani, naye akaandika: mlima unapasuka, mfalme achague. Akikimbia, heshima yake inapungua. Akibaki na watu wake, heshima inapanda, kodi inashuka kidogo. Alikuwa akifurahia. Niliinua macho nikamwona muzee mmoja akifuta mguu wake kwa jani la mgomba, amekanyaga uchafu, anautazama tu kama mguu wa mtu mwingine. Nikamwambia rafiki yangu aongeze harufu.

Alicheka. Alisema mchezo hauna mahali pa kuandika harufu.

Tuliporudi mjini tulimaliza. Nchi tuliiita Mawe, kwa sababu mawe meusi ya mlima ndiyo tuliyokaa juu yake sote, na kwa sababu hakuna kabila linaloitwa hivyo. Rangi tuliichukua kwenye Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani kwenye njia ya Sake. Kilichotushinda kwa muda mrefu ni utamaduni. Mchezo unataka kila nchi iwe na utamaduni mmoja ulio mkuu, kisha unaruhusu tamaduni nyingine moja au mbili ziwe zimekubaliwa. Zisizokubaliwa zinalipa kodi ndogo na kuasi mara kwa mara. Tulikaa mbele ya mstari ule tukitazamana. Yeye aliandika wake, akaufuta. Mimi niliandika wetu, nikaufuta. Wahunde je? Wabembe je? Mwishowe tukaunda mmoja, watu wa mawe, tukaandika kwamba wote wanaoishi kandokando ya ziwa ni wao. Ilikuwa jibu zuri. Nalisema bila aibu hata leo.

Wafalme tuliwabuni pia. Majina ya mababu zetu hatukuyataka, maana yangerudisha ugomvi uleule kwa mlango wa nyuma. Tulichukua aina za maharage, tukachukua jina la mvua ya Septemba, na mfalme wa tatu tulimpa jina la mbwa wa jirani wa sekretariati, mbwa wa kahawia mwenye upele aliyelala mlangoni akijikuna hadi damu. Dada wa rafiki yangu alicheka mpaka akaketi chini.

Nchi ya Mawe ilipofunguka kwa mara ya kwanza bila kuzima mashine, ikiwa kijani katikati ya ile kijivu, rafiki yangu alinishika bega. Furaha hiyo haikudumu. Wenzetu wa chuo walitaka kuicheza, tukawaruhusu. Mmoja wao, kijana aliyeongoza sala za asubuhi chuoni, alichukua Mawe akaipigisha vita na kila jirani, akachoma, akateka, na kwa wale wa mashariki akachagua kuwaponda. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mkono. Alisema ukiwa na nchi, unafanya nini kingine nayo?

Baba yangu alishafariki, na mkubwa wa ukoo wetu hapa mjini alikuwa mdogo wake, karani wa zamani wa ofisi ya kilimo. Alikuwa mwenyekiti wa mutuele, chama cha watu wa kwetu kinachochangia misiba na harusi na kusuluhisha ugomvi. Alikuwa mtu msafi, mwenye sauti ya chini, mwenye kupangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Alikuja kwetu siku moja akaiona kompyuta mezani imefunguliwa. Aliisogelea. Akavaa miwani. Akaona ramani ya kale ya dunia, na kwenye ramani hiyo, miaka mingi kabla wazungu hawajafika, ufalme wa kijani kuanzia kwenye volkano hadi milima ya Masisi na kupita.

Aliniuliza nani aliichora. Nilimwambia ni mimi na mwenzangu wa chuo. Akauliza tuliitoa wapi. Nikamweleza kila kitu: mafaili, herufi tatu, rangi, mpaka mabano. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole, muda wote ule, na nilipomaliza aliuliza tena tuliitoa wapi. Kisha akaniomba nimtolee nakala kubwa. Nilikataa. Hakukasirika. Alikwenda mwenyewe Birere, na dada wa rafiki yangu, ambaye hakuona ubaya wowote kwa mteja anayetaka picha, aliichapisha kwenye karatasi kubwa akaifunika plastiki.

Niliiona kwenye mkutano wa mutuele. Ilikuwa siku ya kupokea wanafunzi waliofaulu, na mimi nikiwa mmoja wao sikuweza kutofika. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa, masanduku ya bia na fanta yamepangwa ukutani, na juu ya meza kuu ilining'inia Nchi ya Mawe. Sehemu ya chini, penye vitufe vya mchezo, ilikatwa kwa mkasi. Jina la Mawe lilikuwa limezibwa kwa karatasi, na juu yake pameandikwa kwa wino mwekundu jina la ukoo wetu. Baba mdogo alisimama akaeleza. Alisema vijana wetu wamefanya utafiti kwenye mashini. Alisema hata wazungu wanajua. Akawataja wafalme mmoja mmoja, wa maharage na wa mvua, na alipofika kwa wa tatu, muzee mmoja wa mstari wa mbele aliinuka kwa fimbo yake, macho yamelowa, akasema jina hilo yeye analijua, babu yake alimsimulia habari za mfalme huyo, na kwamba sisi tulio hapa wengi tumetoka kwenye uzao wake.

Watu walipiga vigelegele. Niliiweka chini chupa yangu ya fanta.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya wakubwa. Lakini nilisimama. Nilisema, kwa sauti niliyotaka iwe kubwa ikatoka ndogo, "Papa, huyu mufalme iko imbwa. Imbwa ya Birere. Tulimubuni."

Baba mdogo alinitazama bila hasira, karibu kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekaribia jibu.

"Na ile imbwa, mutoto wangu," aliniuliza, "waliipatia jina ya nani?"

Basi. Walicheka kwa raha, wakapiga meza. Mtu mmoja nyuma alisema ndivyo walivyofanya adui zetu, wanachukua jina la mfalme wanampa mbwa ili tusahau. Kufikia wakati wa chakula hilo nalo lilishakuwa historia. Nililisikia likisimuliwa kwenye foleni ya wali, na aliyesimulia alijua hata ni nani aliyempa mbwa jina hilo na mwaka gani. Nilitazama midomo yao ikitafuna na kusema pamoja. Wale walikuwa watu walionilea, walionichangia ada, na sikuweza kuendelea kuwatazama vinywa.

Nilipomsimulia rafiki yangu sekretariati, nilitarajia achukizwe kama mimi. Badala yake aliniambia, akiifunga na kuifungua droo ya karatasi, kwamba habari zimefika kwao. Kaka yake mkubwa, msafirishaji wa mizigo kati ya Butembo na Goma, alikuja akamuuliza kwa nini anawachorea wengine ufalme na hawachorei watu wake. Kwa hiyo amemchorea. Amechukua mafaili yetu, akabadilisha jina, akausogeza mpaka wa nchi kusini, akaweka utamaduni wake kuwa mkuu.

Nilimuuliza, na wetu je? Alisema haumo kwenye zilizokubaliwa, kwa sababu nafasi zilijaa.

"Iko mchezo tu," akasema.

"Basi rudisha."

Hakurudisha. Alisema kaka yake ndiye anayemsomesha. Dada yake alijifanya anahesabu karatasi. Nilichukua kompyuta yangu nikatoka, nikamruka yule mbwa mlangoni, na kuanzia siku hiyo tulisalimiana barabarani kama watu waliowahi kukaa benchi moja hospitalini. Nilichokichukia zaidi si kwamba alinikata kwenye faili. Ni jinsi alivyosema nafasi zilijaa. Sisi wenyewe ndio tuliokaa mchana ule kutafuta namna ya kutoyatamka maneno hayo.

Halafu vita ikasogea. Waasi walikuwa wameshika Rutshuru tayari, tukisikia habari za kambi ya Rumangabo na za barabara kufungwa, na kila wiki watu wapya waliingia mjini na magodoro vichwani. Walijaa upande wa Lac Vert, mahema meupe juu ya mawe meusi, na mama yangu, aliyekuwa akiuza maharage sokoni, alianza kwenda huko na wamama wa kanisa kugawa uji. Nilikwenda naye mara kadhaa. Ilikuwa Sake ile ile, ila haikuwa na mwisho. Mara moja, tukiosha masufuria, mama aliniuliza ile nchi yangu niliyoichora, watu wake walikuwa wanakula nini. Nilifikiri. Nikamwambia mchezo hauulizi. Unahesabu nafaka kama bidhaa ya kuuza, lakini hakuna anayekula. Mama alisema kumbe, akaendelea kusugua.

Rafiki yangu aliondoka na dada yake kurudi Butembo kabla barabara haijafungwa kabisa. Sekretariati ilibaki na kufuli. Baada ya hapo mji ukaanguka mikononi mwa waasi. Siku zile za risasi tulilala chini ya kitanda, na tulipotoka tulikuta maiti njiani, na mbwa. Hapo nitaishia. Wengine wameyaandika hayo, na wapo wanaopenda kuyasoma.

Mambo yalipotulia kwa namna ya kutulia, baba mdogo alikuja nyumbani. Hakupangusa kiti. Alikaa tu. Alisema ukumbi wa mutuele umepekuliwa na ramani imekutwa ukutani, na mmoja wa hao wenye mji sasa anataka kujua ni nchi gani hiyo, nani anaitaka, na nani anailipia. Ameitwa afike kujieleza. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Njoo uwaambie iko mchezo," alisema. "Wewe ndiye unajua. Waambie iko mchezo ya watoto."

Mama alinitazama. Alikuwa shemeji wa baba mdogo, na alishazika watu wa kutosha. Nilifunga kompyuta ndani ya kitenge nikaenda naye.

Walituweka kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia, kando ya ziwa, asubuhi ya jua zuri. Afisa alikuwa kijana, amevaa jinzi na viatu vyeupe visivyo na doa, na alikuwa akila mishikaki ya mbuzi juu ya meza ya kioo. Ramani yetu ilikuwa sakafuni, imekunjika, ina alama za buti. Alinisikiliza nikieleza. Hakuamini, na sikumlaumu. Hata watu wa ukoo wangu hawakuniamini. Akasema nimwonyeshe.

Nilifungua mchezo. Alipoiona ile kijani ikitokea kwenye kioo alisogeza kiti. Akaniuliza adui wa nchi hii ni nani. Nilimwambia ni yeyote atakayemtaka anayecheza. Akacheka, akaninyang'anya kompyuta, akaanza kubofya kwa vidole vilevile vya mishikaki, mafuta yakimeremeta kwenye herufi, kipande cha nyama kikaingia kati ya vitufe. Alipandisha kodi. Aliajiri jeshi. Alishindwa vita ya kwanza na ya pili, akataka kujua njia ya haraka. Nilimwonyesha. Mchezo ulipomuuliza atawafanyaje wenyeji wa ardhi ya jirani hakuniuliza maana ya maneno. Alichagua mwenyewe, na idadi ikaanza kushuka, naye akaendelea kutafuna akiitazama.

Sisi tulisimama. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Baba mdogo, jasho likimtiririka shingoni, alikuwa akisifu kila alichofanya afisa. Akaulizwa hao wafalme ni wa nani.

"Hawako wa mutu, afande," alijibu haraka. "Mufalme wa tatu iko imbwa. Kweli kabisa. Imbwa ya Birere, ya upele. Watoto walikuwa wanacheza."

Kwa muda mrefu nilitamani kuyasikia maneno hayo kutoka kinywani mwake. Nilidhani yatanipa nafuu. Yalipotoka, na afisa akacheka, na baba mdogo akacheka naye akionyesha meno yote, nilikaza macho kwenye doa la mafuta mezani ili nisitapike. Alimuuza mfalme wake kama alivyomnunua, bila hata kumeza mate. Wala sikuweza kumchukia kwa haki, kwa maana alikuwa muzee anayeogopa kufa, na mimi pia nilikuwa naogopa. Lakini mwili hauulizi haki.

Afisa alisema tunaweza kwenda. Kompyuta itabaki kwa uchunguzi. Alisema hivyo bila kuinua kichwa. Alikuwa katikati ya vita. Baba mdogo alimshukuru. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu, mwepesi kama mtu aliyetoka kwenye homa, akisalimia watu.

Jumapili iliyofuata alileta paja la mbuzi nyumbani kwa mama kunishukuru. Nyama ilikuwa adimu wiki zile, barabara zilikuwa zimefungwa na sokoni kulikuwa na viazi tu, kwa hiyo majirani walikuja, na wazee wawili wa mutuele, na mama alipika kwa kitunguu na ndizi hadi uwanja wote ukanukia. Watu walikula kama watu waliokuwa na njaa, na walikuwa na njaa.

Walipokwisha kunawa, walimwomba baba mdogo asimulie ilivyokuwa kwa afisa. Alisimulia kwa ile sauti yake ya chini. Alisema afisa alikuwa mkali, bunduki mezani. Hapakuwa na bunduki mezani. Alisema afisa alimwamuru binti yetu acheze naye, akishinda tunakwenda nyumbani, akishindwa tunabaki, na binti huyu, aliyekaa hapo, alimshinda mara tatu kwa kutumia jeshi la babu zetu, na mfalme wa tatu mwenyewe alikuwa mbele ya jeshi. Alisema kompyuta aliitoa yeye mwenyewe kumpa afisa kama zawadi, kwa kuwa mshindi haondoki na kila kitu. Wale wazee waliitikia kwa vichwa. Jirani mmoja aliniangalia kwa heshima na kuniuliza ni kweli. Baba mdogo alinigeukia pia, akitabasamu, mafuta yakiwa bado kwenye kidevu chake.

Niliinuka nikaenda nyuma ya jiko, nikatapika juu ya mawe. Mama alikuja na kikombe cha maji, akanishika kiuno mpaka nilipomaliza. Akaniuliza kama ni malaria. Nilisema hapana, ni ile nyama, ina mafuta mengi.

"Kesho nitakupikia maharage," alisema, "bila mafuta," na akamwaga majivu juu ya matapishi kabla wageni hawajayaona.